Chambo Kilichoumuka

Mwoka mikate alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, lakini mapambazuko alikuwa hayajui. Aliyajua kwa kusikia tu, kama mtu ajuavyo nchi ya mbali kwa kusimuliwa. Saa ambazo wenzake waliona jua likichungulia, yeye alikuwa ameinamia mdomo wa tanuri, anavuta mikate kwa ubao mrefu, jasho linamtiririka hadi kwenye nyusi. Jua lilipokwisha kupanda juu ya mapaa, yeye naye alikuwa amekwisha kupanda kitandani. Kwa hiyo asubuhi ile, alipojikuta anateremka kijia cha kwenda ziwani, kopo la chambo kwapani na viatu vya heshima miguuni, alijiona kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha.

Ziwa lenyewe hakuliona. Alichokiona ni ukungu, mweupe, mzito, umetulia kama unga uliopepetwa hewani ukasahau kuanguka. Kijia kilishuka kikaingia ndani yake, kikapotea. Mwoka mikate akasimama. Akakohoa kikohozi cha adabu.

"Hodi," alisema, maana hakujua lingine la kusema.

"Karibu, lakini taratibu," sauti ya mwanamke ikamjibu kutoka ndani ya weupe ule. "Samaki wana masikio kuliko majirani. Na angalia hilo jiwe la kushoto, linateleza."

Alikanyaga jiwe la kushoto, likateleza, akaingia majini mpaka kwenye kifundo. Viatu vya heshima vikanywa maji. Kutoka kwenye ukungu akasikia mtu akiguna, na hakuweza kujua kama ni guno la huruma au la kicheko.

Mwenye sauti alikuwa binti wa mshona mapazia. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la wagonjwa, na kwa ajili hiyo mtaa mzima ulimwita King'ora, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kelele hata kidogo. Usiku kucha alikuwa akipita barabarani taa zikizunguka na gari likilia. Basi siku yake ya mapumziko ilipofika, alichukua ufito wake wa kuvulia, akaja kukaa ufukweni mahali pasipolia kitu. Mazoea hayo aliyarithi kwa marehemu baba yake. Kigoda alichokalia kilikuwa cha baba, ufito ulikuwa wa baba, hata namna ya kutema mate kwenye ndoana kabla ya kuirusha ilikuwa ya baba.

Na mwoka mikate alikuwa amekuja kumposa mama yake.

Jambo lenyewe lilikuwa limepinduka kichwa chini miguu juu. Kwa kawaida mzee ndiye anayekaa kitini akikunja uso, na kijana ndiye anayetokwa jasho akitafuta maneno. Hapa mzee ndiye mposaji, na aliyekunja uso ni binti wa umri wa mwanawe. Lakini mshona mapazia alikuwa amesema, na alisema bila kupepesa: "Mimi nakutaka, sikufichi. Ila mwanangu akisema hapana, ni hapana. Sitajenga furaha yangu juu ya mgongo wake." Alipoulizwa, binti hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Akitaka neno langu, aje ziwani siku yangu ya mapumziko. Na alete chambo. Unga si anao?"

Basi mwoka mikate alimwachia mdogo wake tanuri, akimpa maonyo yasiyokwisha kama vile anamwachia mtoto mchanga. Akakanda chambo kwa mikono yake mwenyewe. Njia nzima alikuwa akirudia hotuba aliyoitunga, yenye mwanzo, katikati na mwisho, na mahali pawili pa kuvuta pumzi.

"Kaa hapo," King'ora akamwonyesha gogo. "Lete hilo kopo."

Mwoka mikate akalitoa kwapani. Ndipo wote wawili wakaona. Kifuniko cha kopo kilikuwa kimeinuka, kimekaa upande kama kofia ya mlevi, na chini yake unga ulikuwa umefura, mweupe, laini, unachungulia nje na kuteremka ubavuni taratibu. Joto la kwapa lilikuwa limefanya kazi yake.

King'ora akaangalia kopo. Akamwangalia mzee. Akaangalia kopo tena.

"Mzee," alisema, "hiki ni chambo au ni harusi?"

Mwoka mikate alihisi masikio yakimwaka. "Nimetia hamira," alisema kwa sauti ndogo.

"Umetia hamira kwenye chambo."

"Mkono, binti yangu. Mkono uliozoea hauulizi kichwa. Nilikuwa nawaza maneno ya kukuambia, mkono ukaendelea na kazi yake."

"Unga wa kuvulia hukandwa mgumu, uzame. Baba alikuwa anaukanda mpaka unalia. Huu utaelea."

"Niutupe?"

"Utupe, tuvue na nini? Kucha?" Akachovya vidole, akanyofoa kipande, akakizungushia ndoana. Unga ukamng'ang'ania vidole kama mtoto asiyetaka kuachwa shuleni. Akatema mate, akarusha.

Mshipi ukaruka ukaingia kwenye ukungu. Wakasikia *tap*, sauti ndogo ya kitu chepesi kikikaa juu ya maji. Kwa kuwa ukungu ulikuwa umeanza kujivuta kutoka ukingoni, waliweza kukiona kipande chenyewe: kilikuwa kinaelea, cheupe, kimetulia, ndoana imening'inia chini yake na kipande cha risasi kimeshindwa kuizamisha. Kilikuwa kama kimwezi kilichoanguka kikaogopa kuzama.

Wakakitazama. Mwoka mikate, ambaye maisha yake yote alikuwa akiyasikia maji yakimiminwa kwenye unga, hakuwahi kuona unga ukimiminwa kwenye maji, na jambo hilo likamvuta moyo kwa namna ambayo hakuielewa. Maji hayakuwa na rangi. Mbingu haikuwa na rangi. Matete ya upande wa kulia yalisimama katikati ya vitu hivi viwili bila kujua mizizi yao iko juu au chini. Mahali fulani mbali ndege alilia mara moja, kisha akanyamaza, kana kwamba amekumbushwa.

Sasa, mwoka mikate akajiambia. Sasa ndiyo saa ya hotuba. Akapiga moyo konde, akafungua mdomo.

"Shh," King'ora akamwambia. "Bado."

Akafunga mdomo.

Hapo ndipo mwili wake ulipomsaliti. Jua lilikuwa limegusa ukungu kutoka upande wa pili, weupe ukaanza kuingia udhahabu, kama ganda la mkate linavyoanza kubadilika mtu akitazama kwa kuiba kupitia tundu la tanuri. Mwili wa mwoka mikate uliujua udhahabu huo. Ulikuwa na maana moja tu: kazi imekwisha, lala. Alijikaza. Akajifinya paja. Akakodoa macho kama kambare. Akaanza kuhesabu matete, na matete yakaanza kuinama moja baada ya jingine, kwa heshima, yakimpisha.

Akajikuta anatembea juu ya maji. Hakuona ajabu. Maji yalikuwa meza yake ya kukandia, imenyunyizwa unga, na alipoyagusa yalikuwa vuguvugu na yalipumua. Chini yake samaki walikuwa wakiumuka polepole kutoka gizani, wa mviringo, wenye migongo ya kahawia, wakifika juu wanapasuka kidogo na kutoa mvuke. Marehemu mke wake alikuwa amekaa ukingoni, anafuta mikono kwenye aproni. "Umechelewa kuwatoa," alimwambia, bila ukali. "Wataungua." "Sijui mlango uko wapi," alimjibu. Mkewe akacheka kicheko chake kile cha puani, akamwelekeza kwa kidevu, na huko alikoelekeza kulikuwa na dirisha lenye taa, dirisha moja tu katika ziwa zima, na kivuli cha mwanamke ameinamia cherehani.

Aliamka kwa sauti ya maji yakipigwapigwa.

Ukungu ulikuwa umeondoka. Ziwa lilikuwa mbele yake, pana, la samawati, halina haya hata kidogo, na jua lilikuwa juu ya matete. Mabegani mwake kulikuwa na koti la kazi la King'ora. Yeye King'ora alikuwa amesimama majini hadi magotini, anamtia perege kwenye kapu, na ndani ya kapu perege wengine wawili walikuwa wakijipiga ubavu.

Mwoka mikate akaelewa lililotokea, na moyo ukamshuka hadi kwenye viatu vyake vyenye maji. Alikuwa amelala kwenye posa yake mwenyewe.

"Umeamka," King'ora alisema bila kugeuka. "Umekoroma mpaka ndege wa ng'ambo wakahama. Ila samaki hawakujali. Nimeondoa risasi, nikavua juujuu. Chambo chako wamekigombania kama mkate wa bure. Miaka yote nimekuwa navua chini tu, kwa sababu baba alivua chini."

"Nisamehe, binti yangu. Si dharau. Saa hizi mwili wangu—"

"Najua. Na mimi nikitoka zamu nalala nimesimama, nimeshika mswaki." Akatoka majini, akakaa kwenye kigoda, akakunja suruali iliyolowa. Uso wake haukuwa na mzaha tena. "Ndiyo maana nilitaka uje saa hizi. Nilitaka nikuone ulivyo. Sasa nimekuona, na nina swali moja tu. Usiku wewe uko tanurini. Mchana unalala. Je, mama yangu utamwoa wa saa ngapi?"

Hotuba ilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho, na hakuna mahali ilipogusa swali hilo.

"Sikatai kwa wivu," King'ora aliendelea. "Watu watasema mtoto anamlilia baba. Namlilia, ndiyo, lakini si hilo. Usiku ule baba alipokata roho, mimi nilikuwa kazini. Nimewabeba wagonjwa wa watu, nakimbia nao huku na huku, king'ora kinalia. Mama alikaa naye peke yake chumbani mpaka kulipokucha. Hakupiga kelele, hakugonga kwa jirani. Alisema hakutaka kusumbua watu. Tangu siku hiyo najua mama anaogopa usiku, hata akiniambia analala fofofo. Mimi siwezi kukaa naye, zamu ni zamu. Nikawa naomba apate mtu wa usiku. Sasa kaleta nani? Mtu wa mchana! Tena mchana wenyewe anakoroma."

Mwoka mikate aliyatazama maji. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa limemkaa kwenye ncha ya ulimi, na lingemaliza maneno papo hapo. Lakini lilikuwa limefungwa kwa ahadi. Mshona mapazia alimwapisha: *Mwanangu asijue. Akijua silali, ataacha kazi aje anilinde kama kuku anayeatamia.* Akilisema, amepata mke kwa kuvunja neno alilompa mke huyo huyo. Asiposema, hana mke.

"Kuna jambo," alisema mwishowe, "nimemwahidi mtu nisilitaje."

"Mtu gani?"

"Huyo huyo."

King'ora akamkazia macho. Kisha, polepole, macho yake yakahama yakaenda mbali, kama mtu anayefuata njia anayoikumbuka nusu.

"Mapazia ya wodi," alisema. "Yale mapya aliyotushonea. Nilipoyakunjua, pindo lilikuwa na vumbi jeupe. Nikamwambia mama, kitambaa chako kina vumbi. Akasema ni chaki ya kupimia." Akavinusa vidole vyake vyenye unga. "Chaki hainuki hamira, mzee."

Mwoka mikate aliendelea kuyatazama maji, kama mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo.

"Anakuja kwako. Usiku. Anashonea tanurini."

Mzee akainama kukamua maji pindoni mwa suruali. Lakini alikuwa mtu asiyeweza kuficha kitu. Masikio yalimwaka tena, mekundu, ya wazi.

"Wewe siri huwezi kuificha hata kwenye kopo," King'ora alisema, na sauti yake ikakatika katikati. Akageuza uso. Perege wakajipiga ndani ya kapu, wakatulia. Kwa muda mrefu mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka, na mwoka mikate akakaa na mikono magotini, mikono mikubwa isiyojua la kufanya pasipo unga.

"Na mimi," binti alisema, akiwa bado amegeukia upande mwingine, "napita hapo usiku. Napita mbele ya duka lako na taa zimewaka. Nasema moyoni, mzee wa mikate yuko macho, na mama kule nyumbani yuko peke yake gizani. Kumbe nampita mama yangu."

Hapo mwoka mikate akaona kwamba ahadi imekwisha kufunguka yenyewe, na kilichobaki ndani yake hakikuwa siri tena bali haki ya mtoto.

"Ukipita," alisema, "anasimamisha sindano. Kabla hata mimi sijasikia kitu, yeye amekwisha kusikia. Anainua kichwa, hivi. Anasema, 'Huyo wangu.' Halafu anangoja mpaka sauti iishe kabisa, kule kwenye mteremko. Ndipo anaendelea kushona. Usiku wa kwanza nilimuuliza, wajuaje ni yeye, magari ni mengi? Akaniambia nikande unga wangu, mambo ya uzazi siyajui."

King'ora akacheka. Kilikuwa kicheko chenye maji ndani yake, akakifuta kwa kiwiko. Upepo mdogo ulitoka ziwani, ukakunja uso wa maji, ukaukunjua. Wote wawili wakakaa wakiuangalia, na mtu angepita hapo angewadhani ni wavuvi wa siku nyingi, waliokwisha kusema yote zamani na sasa wanakaa tu.

"Siku yangu ya mapumziko," King'ora alisema baadaye, "usiku wake nalala nyumbani. Mama hupika, tunakula, tunabishana, tunalala. Usiku huo namtaka nyumbani, si kwenye magunia yako ya unga. Na akiwa na mume, namtaka mume naye nyumbani. Amekaa kitini. Ana viatu vikavu."

"Usiku huo nani ataoka?"

"Hakuna."

"Tanuri je?"

"Lipoe."

Mwoka mikate akasimama, kwa kuwa jambo kama hilo halikubaliki mtu akiwa amekaa. "Binti yangu, tanuri langu halijapoa tangu nilipomzika mke wangu. Huo moto ndio uliokuwa ukinisubiri. Na watu je, asubuhi? Wale mkate wa jana?"

"Watakula kiporo."

"Mkate wangu hauliwi kiporo!"

"Basi na mama yangu haolewi."

Alisema bila kupandisha sauti, huku akinyofoa kipande kingine cha unga na kukizungushia ndoana. Mwoka mikate alimtazama na akaona ni mama yake kabisa: shingo ile ile, kidevu kile kile, ule uhodari wa kukata kitambaa mara moja bila kurudia mkasi. Akageukia ziwa. Akajaribu kuliona tanuri likiwa jeusi na baridi, kimya, yeye akiwa mahali pengine, na watu wakisema. Alidhani picha hiyo ingemuuma. Ilimuuma, ndiyo. Lakini nyuma ya maumivu kulikuwa na kiti, na meza, na watu wawili wanabishana, na mtu anamwambia avue viatu.

"Lipoe," alisema, na neno likamtoka jepesi kuliko alivyotarajia.

"Umesema?"

"Nimesema lipoe. Usinitake nirudie tena, nitabadili."

"Haya." King'ora akatema mate kwenye ndoana, akarusha. "Ila sitakuita baba."

"Sikukuomba."

"Nitakuita mzee, kama nilivyozoea. Na ukimwudhi mama, nitakuja na gari, nitakubeba mzima mzima nikakulaze wodini, utajua hujui."

"Nimesikia."

"Basi nenda. Tangu kulipokucha amekaa kwenye cherehani, hajashona hata mshono, namjua. Mwambie wewe. Mimi sijamaliza kuvua."

Mwoka mikate akamrudishia koti lake, akalikunja kwanza, pembe kwa pembe. Akapanda kijia. Mwanzoni alitembea kama inavyompasa mtu wa umri wake, kifua mbele, mikono nyuma, maji yakifyonzwa ndani ya viatu kila hatua. Husemwa kwamba mtu mzima hakimbii bure. Ukimwona anakimbia, ama anafukuza ama anafukuzwa. Mwoka mikate alifika kwenye nyumba za kwanza, akatazama kushoto, akatazama kulia. Madirisha yalikuwa bado yamefungwa mapazia.

Hakuwa akifukuza kitu, wala hakuna aliyemfukuza. Akaanza kukimbia.